Mrejesho: ESXi ya kawaida au ya mtengenezaji wa seva?

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri: seva zetu tatu za ofisini, hapa Area D Dodoma, nizifunge ESXi (programu inayowezesha seva moja kuendesha kompyuta pepe nyingi) ya kawaida ya VMware au ile iliyoongezewa draiva (programu za kuendesha vifaa) na mtengenezaji wa seva?

Nilianza na ya kawaida kwa sababu ni nyepesi. Mbili zilikubali. Ya tatu, kuukuu kidogo, ikagoma katikati: haioni kadi ya mtandao hata moja. Nilihangaika nayo mpaka adhana ya magharibi. Kumbe tangu toleo la 7.0, mwaka 2020, draiva za zamani zilizotokana na Linux (vmklinux) ziliondolewa kabisa, na kadi yetu ilihitaji draiva mpya ambayo haikuwemo kwenye ESXi ya kawaida. Faili la mtengenezaji lilikuwa nayo, seva ikapanda mara ya kwanza.

Nimezirudia na zile mbili ili zote zifanane. Sasa hali ya diski na RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) naiona bila kuzima seva, jambo lililokuwa likininyima usingizi. Aliyenionya nisichanganye draiva ovyo wakati wa kusasisha, asante sana mkuu. Wakati wa kusasisha nitakuwa nasubiri faili la mtengenezaji.