Naombeni ushauri: nisome yote mbele ya ukoo wa mume wangu, au niruke sehemu?

Mke wa Mayo: Habarini wapendwa. Nimeolewa Ireland, kijijini Mayo. Jumamosi ukoo unakutana, na mama mkwe kanipa kazi ya kusoma historia yao, maana mimi ndiye niliyekaa naye jikoni nikiandika. Babu yao mmoja alifundisha shule ya kichakani. Sheria ya 1695 iliwakataza Wakatoliki kufundisha, basi watoto walisomea nyuma ya ua wa miti, mmoja akilinda njia. Kila mtoto alikuja na kipande cha udongo mkavu wa kinamasi cha kuwashia moto. Kuna sehemu sijui niisome au niruke.

Kigogo: Dada, mambo ya wakwe kaa mbali. Soma, kula, rudi nyumbani.

Binti Tanga: Umenikumbusha babu yangu. Shule ya misheni walimwambia abatizwe kwanza, baba yake akamrudisha chuo cha Kurani. Mpaka anakufa alisoma gazeti kwa kuokoteza herufi, na hakupenda umwone.

Ngosha: Sehemu gani hiyo?

Mke wa Mayo: Ya wakati wa njaa. Tuiache hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Hii chai. Njaa kuu ya Ireland, viazi vilipooza shambani, ilianza 1845. Sheria ile ililegezwa 1782, na shule za taifa zikaanza 1831. Huyo babu alikuwa akimkimbia nani?

Mke wa Mayo: Si chai, Mwalimu. Waliojificha ni waliomtangulia, nimechanganya. Yeye alifundisha kibandani, wazazi wakimlipa kila robo mwaka. Njaa ilipokuja hakuna aliyeweza kulipa. Akawapeleka wanawe shule ya Waprotestanti, walikopewa chakula. Huku mpaka leo wanasema "alikunywa supu", yaani aliuza dini. Watoto walikuwa watano, wakapona watatu. Wazao wa majirani waliokataa supu watakuwepo Jumamosi.

Kigogo: Dini haiuzwi. Usimpambe.

Binti Tanga: Umewahi kumlaza mwanao na njaa, kaka?

Ngosha: Mama mkwe anasemaje?

Mke wa Mayo: Alinisimulia kwa sauti ya chini, redio ikiwaka. Hakusema niandike, hakusema nisiandike. Nakala 40 zimeshachapwa, na sehemu ile imo. Siwezi kumfuta yule baba.

Ngosha: Kumbe umeshaamua. Basi mpelekee nakala moja leo, asome kabla yao.

Mke wa Mayo: Mvua inanyesha. Natoka hivyo hivyo.