Naombeni ushauri: sherifu katuletea kadi, kumbe jirani niliyempelekea maandazi yumo kwenye rejista ya waliohukumiwa kwa makosa ya ngono

MamaNuru: Wakuu habari za humu. Nipo Columbus, Ohio, na mume na binti yetu wa miaka 8. Juzi nafungua sanduku la barua, katikati ya vipeperushi vya piza nakuta kadi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ina picha, jina, anwani na kosa lenyewe, kumwingilia mtoto. Naangalia ile picha vizuri, jamani ni yule mzee aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu, Jumamosi tu tumempelekea maandazi na Nuru ndo alibeba sahani! Nikaishiwa nguvu nikakaa hapo hapo kwenye ngazi. Mume anataka tuhame ila mkataba umebaki miezi 7. Mi nawaza niipige picha hiyo kadi niirushe grupu la Watsapu la Waswahili wa hapa. Na Nuru nimwambieje? Matusi hapana plz.

Kidume_Gmboto: Hama dada. Huku Bongo angeshapigwa kiberiti huyo.

BabuOhio: Kidume nawe. Ahame aende wapi, hebu aingie tovuti ya sherifu aandike zipu kodi (namba ya posta) ya huko anakotaka kwenda aone kwenye ramani nukta za watu kama huyo zilivyojaa. MamaNuru, ukiletewa kadi ujue ni daraja la 3, la juu kabisa kwenye rejista, hao wanaripoti kwa sherifu kila siku 90 mpaka wafe, na kadi wanapelekewa majirani wa ndani ya futi 1,000, kama mita 300 hivi. Daraja la 1 wanaripoti miaka 15 na la 2 miaka 25, hao hata akikaa mlango wa pili kadi huioni. Na sheria ya kuwaambia majirani haikutoka hewani, 1994 huko New Jersey mtoto wa miaka 7, Megan Kanka, aliuawa na jirani ambaye alishahukumiwa mara mbili kwa mambo hayo hayo na wazazi hawakujua. Ila grupu kuwa makini. 2006 kuna kijana alitoka Canada akaingia Maine na anwani alizochukua kwenye rejista ya mtandaoni, akaua wawili majumbani kwao, na mmoja kosa lake ilikuwa alipokuwa 19 alilala na demu wake aliyebakiza wiki chache atimize 16.

Wanjiku_TX: Brathe yangu yuko kwa hiyo list, huku Texas. Simtetei, alifanya na akafungwa. Lakini akipata job wiki ya pili bosi ashamgugo, landlodi hivyo hivyo, na watoto wake ndio walitaniwa shule mpaka mama yao akawahamisha. Kuna utafiti wa Prescott na Rockoff wa 2011, polisi wakijua mtu ako wapi makosa yanapungua, lakini mtaa mzima ukitangaziwa wale wameandikwa wanaonekana kurudia zaidi. Ukishakosa nyumba na kazi unaogopa nini tena?

ShangaziMwanaidi: Mwanangu pole. Kesi za watoto zinazofika polisi huko Marekani, zaidi ya 9 kati ya 10 mtoto alikuwa anamjua aliyemfanyia, na huyo haji na kadi. Ni anko, ni ustadhi wa tuisheni, ni kijana anayekuja kucheza gemu. Nuru usimsimulie ya kadi, mwambie haingii nyumba ya mtu bila kukuuliza wewe, hata iwe ya kwetu, na mtu mzima yeyote akimwambia "usimwambie mama" basi hilo ndo la kwanza kumwambia mama. Basi la shule likifika uwe umesimama pale mwenyewe. Halafu nikuulize, hapo kwako nani analala?

MamaNuru: Asanteni. Grupu nimetuma linki ya sherifu tu, sijaongeza neno. Shangazi swali lako limenikosesha usingizi, maana shemeji yangu akija wikendi huwa tunamlaza chumba kimoja na Nuru, leo nimemtandikia sebuleni, mume kanuna hasemi na mtu. Na ile sahani nimeikuta mlangoni asubuhi, imeoshwa, ina machungwa manne. Nimeiacha pale pale kwenye ngazi mpaka saa hizi.