Picha ya msitu yenye fremu kwa sebule ya Mtwara: nikague nini kabla ya kulipa?

Wa_Shangani:
Wakuu, natafuta nakala ya "Asubuhi katika Msitu wa Misonobari" ya mchoraji Mrusi Ivan Shishkin (1889). Itakaa sebuleni Shangani, karibu na bahari. Muuzaji wa Dar ana ya 50 × 70 yenye fremu na kioo, au atachapa saizi nyingine bila fremu. Zote anaziita "kwoliti ya juu". Nichukue ipi?

Mninga_Kavu:
Anza na vipimo mkuu. Mchoro wenyewe, ulioko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, ni sentimita 139 kwa 213, yaani upana ni mara 1.53 ya kimo. Hiyo 50 × 70 ni 1.4 tu. Ama wamekata miti ya pembeni, ama wameibana picha na dubu waliomo wamekonda. Agiza 40 × 61. Faili liwe na pikseli kama 4,700 kwa 7,200. Likiwa dogo sana, majani ya misonobari yanageuka uji wa kijani.

Kisha uliza wino na karatasi, maana "kwoliti ya juu" si jibu. Unataka wino wa pigmenti (rangi yake ni chembe zisizoyeyuka majini) kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba.

Fundi wa Ligula:
Chukua isiyo na fremu, isafiri kwenye bomba gumu. Kioo ndani ya buti la basi hadi Mtwara ni kamari, na kikivunjika kinachana karatasi.

Fremu itengenezwe huku, kwa mninga uliokauka vizuri. Mbao mbichi zikija kukauka, kona zinaachia. Kosa kubwa la mafundi wengi ni kulaza picha moja kwa moja kwenye kioo: unyevu unanasa katikati, kuvu inaota, picha inagandia. Weka katikati yao kadi nene iliyokatwa dirisha la picha, ukingo wa sentimita 6 kila upande, nayo isiwe na asidi. Manila ya kawaida itaacha alama za njano. Picha ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi. Ukiibana pande zote itajikunja, kwa sababu karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu. Selotepu hapana kabisa.

Mkoma_Ndio:
Nyongeza: bandika vipira vya milimita 5 kwenye kona za chini nyuma, hewa ipite ukutani. Skrubu ziwe za shaba au stenlesi, mbili, kwani kioo cha milimita 2 peke yake kwa 52 × 73 (picha ya 40 × 61 pamoja na kadi) kina karibu kilo 2. Usitundike mkabala na dirisha la jua.

Wa_Shangani:
Muuzaji anasema hajui ni wino gani.

Mninga_Kavu:
Omba kipande cha majaribio, dondoshea maji, subiri dakika moja, futa kwa pamba nyeupe. Rangi ikitoka, achana naye. Isipotoka bado si uthibitisho. Mwambie akutajie modeli ya printa, utaangalia mwenyewe inatumia wino gani.