Naomba ushauri: kompyuta ya Solaris inagoma kuwaka hadi mwisho

Habari zenu wanajamvi. Niko Uyole, Mbeya, na ninatunza kompyuta ya Sun Ultra 10 yenye mfumo endeshi wa Solaris 8 ambayo, tangu umeme ukatike ghafla wakati wa radi wiki iliyopita, huzima katikati ya kazi, na nikiiwasha huishia kwenye neno “ok” (pale inaposubiri amri kabla mfumo haujapanda). Saa yake imerudi nyuma miaka mingi, na kioo huandika kwamba yaliyomo kwenye IDPROM (sehemu inayohifadhi utambulisho wa mashine) si halali, hivyo naishuku betri iliyo ndani ya chipu ya NVRAM, inayotunza saa na utambulisho huo mashine ikiwa imezimwa. Nimeiwasha kwa “boot -s” (hali ya matengenezo ya mtumiaji mmoja) nikaendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili. Faili zilirekebishwa, kesho yake ikaanguka tena. (Data nimeshazinakili, nashukuru.)

Je, betri iliyokwisha inaweza kuzima mashine ikiwa kazini, au nianze na pawasapulai? Na nikibadilisha chipu, nitarudishaje hostid (namba ya utambulisho wa mashine) inayotegemewa na leseni ya programu yetu ya ramani?