Naombeni ushauri: usiku nabishana na mtu kichwani, amani sina

Mkulima_Mpunguzi:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nalima zabibu huku Mpunguzi na nimeokoka miaka mingi. Mavuno yaliyopita mnunuzi alibeba mzigo wangu akaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Mnajua zabibu ikishaiva haisubiri, inaozea shambani, nikakubali. Hadi leo hajalipa na simu hapokei. Hela inauma, ila kinachonimaliza ni mawazo. Saa nane usiku nashtuka, naanza kubishana naye: nitamwambia hivi, atajibu vile, nami nitamrudishia. Jogoo anawika nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Jumapili mchungaji anahubiri, mimi bado niko kwenye ugomvi ule ule. Naomba, lakini nikisema amina tu yamerudi. Ile amani ya Wafilipi 4:7 naipataje?

Mama_Kizota:
Pole sana baba. Soma na mstari wa 8, wengi tunaishia wa 7. Paulo yuko kifungoni, ametoka kuzungumzia amani ya Mungu, kisha anatupa kazi: mambo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, "yatafakarini hayo". Ukishaomba, akili nayo ipe kitu cha kushika. Ukiiacha hivi hivi inarudi ilikozoea.

Kijana_AreaC:
Mkuu, deni ni haki yako. Chukua karatasi za mizani, mwone mtendaji. Huwezi kutafakari huku mtu amekaa na jasho lako.

Mtumishi_Kongwa:
Kijana amesema kweli, na hakuna dhambi kudai haki. Ndugu yangu, wazo likija liulize kwanza: lina kazi ndani yake, au ni ugomvi mtupu? Kama lina kazi, mfano hiyo ya mtendaji, liandike kwenye daftari, lisubiri asubuhi. Kama ni ugomvi, lijibu. Hili si jambo jipya kanisani. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliyapanga mawazo yanayousumbua moyo katika makundi manane, hasira na huzuni zikiwemo, akafundisha kuyajibu kwa Maandiko, kama Bwana alivyomjibu Ibilisi: "Imeandikwa."

Kwa hiyo ile "nitamwambia hivi" ikianza tu, hapo hapo, usingoje iwe hotuba, tamka hata kwa kunong'ona Warumi 12:19: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Hofu ya ada na chakula ikija, Waebrania 13:5: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Usijilazimishe tu kutowaza, maana hapo ndipo unawaza zaidi.

Mkulima_Mpunguzi:
Asante mtumishi. Na likirudi baada ya dakika mbili? Ndiyo imani haba?

Mtumishi_Kongwa:
Hapana. Lijibu tena. Mtunzi wa Zaburi ya 42 anaiuliza nafsi yake "kwa nini kuinama" kwenye mstari wa 5, na kufika wa 11 anaiuliza tena. Halafu kuna Mathayo 5:44, najua ni gumu: mwombee huyo mnunuzi kwa jina lake. Sentensi moja inatosha kuanzia. Ni vigumu kuendelea kumgombeza mtu moyoni huku unamtaja mbele za Mungu.

Nesi_Dom:
Niongeze moja. Kama usingizi unaendelea kukukimbia na chakula hakipandi, fika kituo cha afya. Huku Dodoma tukisikia Mirembe, hospitali ya afya ya akili, tunaona aibu, watu watasema nini. Aibu ya nini? Daktari anaulizia usingizi kama anavyoulizia homa, na maombi yako yanaendelea.

Mkulima_Mpunguzi:
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Karatasi za mizani ninazo, kesho namwona mtendaji. Warumi 12:19 nimeiandika nyuma ya daftari la shamba. Kumwombea yeye mwenyewe moyo bado unakataa, leo naanza na watoto wake.