Redio ya umma ya huku: hela yangu mnaitaka, kipindi cha Walatino mnakitupa saa kumi na moja alfajiri!

Wakuu, habari za Jumapili. Nimeamka na hasira, mnivumilie.

Niko Iowa, Marekani, mwaka wa saba huu, kiwanda cha nyama, upande wa kukata. Waliopita kwenye kazi hizi wanajua laini, ule mstari wa kazi kiwandani, ilivyo: Mkongo huyu, Msomali yule, ila wengi kabisa ni watu wa Meksiko, Honduras na Guatemala, ndio hao huku wanaitwa Walatino. Lifti napewa na mzee mmoja wa Guatemala pamoja na binti yake. Jumamosi tulikuwa tunatoka saa nane mchana, na saa nane hiyohiyo redio ya umma ya hapa ilikuwa inarusha Latino USA. Njia nzima garini kimya. Mzee akiachwa na Kiingereza, binti anamtafsiria. Mimi nyuma nakula ndizi yangu nasikiliza.

Kwa wasiokifahamu, kipindi kilianza 1993 na sauti yake ni Maria Hinojosa, mama aliyezaliwa Mexico City akakulia Chicago. Siyo kipindi cha kuokoteza. Kampuni yake, Futuro Media, ilipata tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2022 kwa habari za sauti. Pulitzer, wakuu!

Sasa hawa mabwana wa redio, bila hata kutangaza, wamekihamishia Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Jumapili! Siku pekee ambayo mtu aliyeshika kisu wiki nzima analala mpaka jua liwake. Saa nane ya Jumamosi wameweka nini? Marudio. Mazungumzo ya bustani na mapishi ambayo tulishayasikia Alhamisi.

Nikaandika barua pepe, kwa adabu zote. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, mistari mitatu: asante kwa maoni yako, kipindi kinapatikana pia kwenye podikasti, na wasikilizaji wa Kihispania wana vituo vyao.

Hapo ndipo nilipochemka.

Kwanza, kipindi ni cha KIINGEREZA. Meneja wa vipindi hajui lugha ya kipindi alichokisogeza mwenyewe? Kinamhusu huyo binti, aliyezaliwa hapahapa, anayeota kwa Kiingereza, na ambaye hivyo "vituo vyao" vinampa muziki na matangazo ya magari basi. Pili, Walatino ni kabila moja? Huyu mzee lugha yake ya mama ni Kik'iche', Kihispania alikikuta shuleni kama sisi wa kijijini tulivyokikuta Kiingereza. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani, uraia huo umeanza 1917, hana habari na viza. Wote wanatiwa kapu moja, kama sisi tunavyoulizwa "Kiafrika" kinasemwaje.

Na msidhani hawajui kuwatafuta. Wanajua sana! Likitokea la uhamiaji, maikrofoni zinapangwa mlangoni. Mei 2008 pale Postville, humuhumu Iowa, maofisa walivamia kiwanda cha nyama wakakamata watu 389 kwa siku moja, na mpaka leo ukitajwa Mguatemala kwenye redio hizi unasubiri tu itajwe Postville. Harusi zao, timu zao za mpira, tamale za Krismasi, duka lililofufua mtaa uliokufa, hayo hayana saa kwenye ratiba. Saa yake ilikuwa ile moja. Imeondoka.

Mtu atasema bajeti. Najua, Julai 2025 Kongresi ilifuta dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, na vituo vidogo vimeumia kwelikweli. Ila kuhamisha kipindi kutoka Jumamosi kwenda Jumapili kumeokoa senti ngapi? Na msisingizie makao makuu, ratiba kila kituo kinajipangia. Sheria yenyewe ya utangazaji wa umma, iliyoanzia 1967, inataja kwa maneno watu wasiohudumiwa na walio wachache. Kwa sensa ya 2020 Walatino ni milioni 62, karibu mmoja kwa kila watu watano. Hao wachache ni wengi kuliko sisi Watanzania tulivyohesabiwa 2022!

Walatino wenyewe walishaona mapema kwamba ukisubiri kukaribishwa utakufa umesimama mlangoni. Granger, jimbo la Washington, 1979, wafanyakazi wa mashambani na wenzao walianzisha Radio KDNA, meneja akiwa mwanamke, Rosa Ramón. Mwaka uliofuata Hugo Morales, Mmixteko (kabila la wenyeji wa asili) wa Oaxaca, Meksiko, aliyesomea sheria Harvard, akafungua Radio Bilingüe kule Fresno, na hadi Kimixteko kimesikika hewani. Safi sana. Lakini Iowa siyo Fresno, hapa tunayo hii moja, na kodi na michango tunailipa sote.

Kuhusu podikasti, nicheke au nilie? Kwenye laini ya kiwandani simu ni marufuku. Mzee ana miaka 61, simu yake ni ya kupiga na kupokea. Redio ya gari anaiwasha kwa kidole kimoja.

Mnaouliza Mswahili inakuhusu nini: Machi 2025 Sauti ya Amerika ilivyofungiwa, Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza, aliyenipa pole kiwandani ni nani? Huyuhuyu mzee. Alisema tu, "Sasa na nyinyi."

Nimalizie na hili. Nilikuwa nachangia dola 10 kila mwezi, wakanitumia na kikombe chenye nembo yao. Jumatatu iliyopita nimesitisha. Barua ya malalamiko ilikaa wiki sita, si ndiyo? Jumatano saa nne asubuhi simu ikaita, dada mwenye sauti tamu, ananitaja jina, anauliza kama kuna tatizo lolote na kadi yangu.

Nikamwambia anipigie Jumapili, saa kumi na moja alfajiri.

Mlioko Nebraska, Minnesota, Kansas, kwenu wanakirusha saa ngapi?