Kuvuta kamba Lanet: nchi kavu, anga na wanamaji wastaafu. Kamba gani, kilo ngapi, na utani uishie wapi?

Binti_wa_Lanet

Hamjambo wazee wangu. Mwisho wa mwezi wanajeshi wastaafu wanakutana huku Lanet, Nakuru, na mimi nimekabidhiwa mambo ya uwanja. Ubishi ni uleule wa kila mwaka, nani alikuwa mwanajeshi kamili na nani alikuwa mtalii ndani ya kombati, na safari hii wameapa kuumaliza kwa kuvuta kamba. Waliojiandikisha ni nchi kavu 14, anga 8, wanamaji 6. Umri ni kuanzia miaka 45 hadi 71.

Nimepewa kamba ya nailoni ya kuvutia lori, mita 20 hivi. Inafaa? Timu nizipangeje ili sita wasiburutwe na kumi na wanne? Halafu kabla ya mchezo kila mtu atasimama asomewe kadi yake ya utumishi. Kadi hiyo niandike nini, na utani gani niuzime mapema?

Fundo_la_Mtongwe

Binti, hiyo nailoni irudishe kwenye lori leo hii. Nailoni hunyooka kama robo ya urefu wake kabla ya kukatika, na nguvu zote zilizoinyoosha hubaki ndani yake. Ikikatika hairudi polepole, inachapa. Tarehe 25 Oktoba 1997 mjini Taipei, kwenye mchezo wa kuvuta kamba wa zaidi ya watu 1,500, kamba ya nailoni ilikatika na wanaume wawili wakakatwa mkono. Kamba za plastiki za maboti kama zile za ufuo wa Dunga, Kisumu, nazo usiazime: zinateleza, na zikiteleza zinaunguza viganja.

Tafuta kamba ya katani au ya manila, mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5. Kwa kuwa dukani hupimwa kwa kipenyo, wewe uliza ya milimita 32 hadi 40. Mimi ningechukua 36. Unene huo si wa kuzuia isikatike tu, ni wa mshiko: kamba nyembamba haijazi kiganja cha mzee, naye ataishia kuizungusha mkononi, na hapo ndipo vidole huvunjika. Kuzungusha kamba mkononi au kiunoni ni marufuku, hata kwa utani.

Urefu wa mashindano ya watu wanane kila upande ni mita 33.5 au zaidi. Hiyo yako ya 20 ingekuwa fupi hata kama ni katani. Mvutaji wa kwanza husimama mita 5 kutoka katikati, kwa hiyo kila upande ungebakiwa na mita 5 za kugawana wote.

Usinunue vipande viwili ukaviunga kwa fundo. Fundo hula karibu nusu ya nguvu ya kamba. Ncha zote mbili zifungwe kwa uzi wa gunia, mizunguko iliyobanana, upana wake uwe mara moja na nusu ya kipenyo, yaani kama sentimita 5 kwa kamba ya 36. Usipofunga itaanza kufumuka siku hiyohiyo.

Alama weka mwisho. Kamba mpya ifunge kwenye mti, watu kumi waivute mara tano sita ilegee na kunyooka, ndipo upime. Ukiipima kabla, alama zitahama. Katikati weka kitambaa chekundu, mita 4 kila upande cheupe, mita 5 kila upande cha buluu. Usibandike tu kwa gundi. Pitisha kitambaa katikati ya nyuzi za msokoto ndipo uzungushe, la sivyo kitateleza na kuzua kesi. Na ikinyeshewa ipime upya, maana katani ikilowa hufupika.

Haya yote mngeyajua kama nchi kavu wangewahi kushika kamba isiyo ya kuanikia soksi.

Refa_Ahero

Mimi si mwanajeshi, nachezesha michezo ya shule na ya vijiji huku Kano, Kisumu, kwa hiyo sina upande.

Usihesabu watu, hesabu kilo. Kwenye mashindano timu hushindana kwa madaraja ya uzito wa jumla: kilo 560, 600, 640 na kuendelea kwa watu wanane. Wewe una timu ya watu sita, basi wote wavute sita kwa sita. Wanamaji wapimwe kwanza. Jumla yao ndiyo dari. Wakifika kilo 490, nchi kavu wachague sita wowote kati ya kumi na wanne wao ambao hawazidi 490, na anga vilevile. Hapo wingi wa nchi kavu hauwafai kitu zaidi ya kupata wachezaji wa akiba, na hiyo ni haki.

Kupima ndiko kunakozua vita. Mizani ya bafuni ukiiweka kwenye nyasi inadanganya, inazama upande mmoja. Azima mizani ya jukwaa kwenye ghala la mahindi, iweke kwenye sakafu ya saruji, uijaribu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Kila mtu apande na viatu atakavyovutia, kilo zake ziandikwe mkononi kwa kalamu nene. Asiye na namba mkononi hashiki kamba.

Ardhini chora mstari mmoja tu kwa chokaa. Kitambaa chekundu kikae juu yake. Mshindi ni timu iliyovuta kitambaa cheupe cha wapinzani kikavuka mstari huo, yaani mita 4. Kila mechi mivuto mitatu, anayeshinda miwili amemaliza. Amri ni nne: «Shika kamba!», «Kaza!», «Tulia!», «Vuta!». Muda kati ya «Tulia» na «Vuta» usiwe uleule kila mara. Kamba ikishatulia kabisa na chekundu kiko juu ya mstari, toa amri. Ukichelewa, misuli ya wazee itaisha kabla ya mchezo kuanza.

Makosa ya kuangalia: kukaa chini makusudi au kuanguka na kutoinuka mara moja, kugusa ardhi kwa sehemu ya mwili isiyokuwa nyayo, kupandisha mikono kwenye kamba kama mtu anayeteka maji kisimani (mikono ishike, miguu ndiyo ivute), na kuchimba shimo kwa kisigino kabla ya «Kaza». Maonyo mawili kwa mvuto mmoja, la tatu mvuto umepotea. Waambie mapema, maana mzee akionywa bila kujua sheria atakuuliza ulikuwa wapi yeye akilinda mpaka.

Ardhi yenu ya Nakuru ni nyepesi, ya jivu la volkano; ikikauka kisigino kinazama na vumbi linapanda. Tafuta mahali penye nyasi fupi zilizoshikana. Huku kwetu udongo mweusi una shida nyingine: kiangazi unapasuka nyufa za kuvunja kifundo cha mguu, masika unabeba kiatu chako ukabaki na soksi. Anza saa tatu asubuhi, mvua za alasiri zikikuta nyasi haivutiki tena, ni kuteleza tu.

Sapa_Gilgil

Refa ameeleza vizuri. Huyo mwanamaji wa Mtongwe msamehe, amezoea kamba iliyofungwa upande mmoja kwenye gati, haijawahi kumvuta naye.

Nyongeza ya ufundi. Wazee wengi hujipanga mmoja kushoto mmoja kulia ya kamba. Inapendeza kwenye picha lakini kamba inayumba na nguvu inapotea pembeni. Timu zinazojua husimama upande mmoja wote. Kamba ipite kati ya mkono wa juu na mbavu, viganja viangalie juu, mikono ikaribiane, mwili unyooke kama nguzo iliyoegemezwa, miguu itangulie magoti. Hatua ziwe fupi, sentimita chache, kwa mdundo wa mwita mwendo anayetembea kando. Anayepiga hatua ndefu anainua mguu kwa muda mrefu, na kwa muda huo timu yake ina watu watano.

Wa mwisho, nanga. Kamba impite chini ya kwapa, ikate mgongo kwa mshazari, itokee juu ya bega la upande wa pili kutoka nyuma kuja mbele, halafu ncha ipite chini ya kwapa tena kurudi nyuma na nje, ikae huru. Hakuna fundo popote. Akianguka lazima aweze kujivua kwa sekunde moja. Kosa la kawaida ni kumweka nanga mtu mwenye kitambi kikubwa kuliko wote. Nanga anahitaji kiuno na mapaja, kitambi kinamwangusha mbele.

Viatu: sheria inaruhusu bamba la chuma kisiginoni lisilozidi milimita 6.5 na lisilotokeza nje. Njumu hapana, misumari hapana. Wakague anga, wale watakuja na raba nyeupe na kudai ni sare.

Spana_Namba_13

Raba nyeupe ndizo zilizoweka ndege angani nyinyi mkitembea kwa miguu kutoka Gilgil. Naomba nijibu la kadi, naona watu wameng'ang'ania kamba.

Binti, andika mambo matano tu: jeshi, kikosi au kambi, kazi aliyofanya, mwaka wa kuingia na wa kutoka, cheo cha mwisho. Kazi usiiache. «Jeshi la anga, miaka 20» haisemi kitu. «Fundi wa injini za ndege za kivita F-5, Laikipia» inasema. Nakili kutoka kwenye cheti cha kuachiwa, usiandike kwa kusimuliwa.

Mtego wa kwanza uko kwetu. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 jeshi la anga lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na halikurudia hadhi na jina lake hadi 1994. Kwa hiyo mzee aliyeingia 1984 akatoka 1993 hana mahali cheti chake kinaposema Kenya Air Force. Usimsahihishe. Na huo ndio utani wa kuuzima. Kuna watu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wengine walifungwa, na mtu akiitwa «themanini na mbili» mbele ya wajukuu hacheki. Mwambie mshereheshaji faraghani, asitangaze kwenye kipaza sauti.

Mtego wa pili ni wa Lanet yenyewe. Januari 1964 wanajeshi wa nchi kavu wa Kenya Rifles (KR) waliasi hapohapo Lanet. Waliokuwepo wamebaki wachache, lakini watoto wao wanaweza kuwa kwenye viti. Liache.

Nambari za vikosi vya zamani msizicheke. Mtu atauliza kwa nini 1KR, 3KR, 5KR, 7KR, 9KR na shufwa hakuna. Wakati wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, Kenya ilikuwa na bataliani za 3, 5 na 11, Uganda ya 4, Tanganyika za 6 na 26. Kenya ikaendelea na witiri.

Vyeo havitakusumbua, kwetu majeshi yote matatu hutumia vyeo vilevile. Mwanamaji wa Kenya ni meja au brigedia kama wengine. Anayedai alikuwa admirali mpe kiti nyuma.

Mpangilio wa kuwaita: nchi kavu, anga, wanamaji. Anga iliundwa Juni 1964, wanamaji Desemba mwaka huohuo.

Fundo_la_Mtongwe

Wa mwisho kuundwa, sawa. Sasa tuhesabu Wakuu wa Majeshi tangu 2011: Karangi wa anga, Mwathethe wa wanamaji, Kibochi wa nchi kavu, marehemu Ogolla wa anga, Kahariri wa wanamaji. Jeshi dogo kuliko yote, wawili kati ya watano. Nchi kavu na wingi wao wana mmoja. Liandike kwenye ubao wa matokeo.

Sapa_Gilgil

Na walioanza kabla ya 2011 umewaacha baharini? Hesabu ya mtu anayeanzia anapotaka hata mwizi wa kuku hushinda nayo.

Binti_wa_Lanet

Asanteni wazee. Mawili yamebaki. Kuna watatu wanaotumia dawa za presha na mmoja alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Na timu tatu zikishinda mechi moja moja, nafanyaje?

Refa_Ahero

Wa ngiri havuti, hata akiapa. Hao watatu wapimwe asubuhi hiyo. Aliyezidi 160 kwa 100 awe mwita mwendo, kazi yenye heshima na kelele nyingi. Wengine wote wakatazwe kubana pumzi. Mtu akibana pumzi huku anavuta, presha inapanda ghafla, na hiyo ndiyo hatari kubwa kwa umri wao kuliko mgongo. Mwita mwendo ahesabu kwa sauti nao wajibu kwa sauti. Anayejibu hawezi kubana. Wanaotoka Mombasa waje siku moja au mbili kabla, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na pumzi yao itaisha mvuto wa pili.

Kwa timu tatu mechi ni tatu, na mtu lazima avute mbili mfululizo, huwezi kulikwepa. Piga kura ya mpangilio, weka dakika 30 kati ya mechi, dakika 10 kati ya mivuto.

Sare: kwanza hesabu mivuto iliyoshinda kila timu. Zikilingana, hesabu maonyo, yenye machache imeshinda. Zikilingana tena, timu iliyopimwa nyepesi kuliko zote inachukua.

Spana_Namba_13

Yaani wanamaji wakila sana wanainua dari la wote, wasipokula wanachukua sare. Binti, mizani iwekwe kabla ya chai.